Muswada wa Kubana Asasi za Kiraia Unapofika Bungeni: Mwongozo Kamili wa Hatua za Kidiplomasia

Mwaka 2012 Urusi ilipitisha sheria iliyozitaka asasi zinazopokea fedha kutoka nje na kujihusisha na kile ilichokiita shughuli za kisiasa zijiandikishe kuwa "mawakala wa kigeni". Tangu hapo sheria za sura hiyo zimeibuka Hungary, Kyrgyzstan, Georgia na kwingineko. Katika ukanda wetu serikali zimepita njia nyingine kuelekea pale pale: Ethiopia iliweka ukomo wa fedha za nje mwaka 2009, Burundi ilisimamisha mashirika ya kigeni mwaka 2018 hadi yakubali masharti mapya, na Uganda ilizuia mfuko mzima wa wafadhili mwaka 2021. Kila mara balozi za nchi nyingine zimetakiwa kujibu, na mara nyingi jibu limekuwa tamko la "wasiwasi mkubwa" linalotolewa baada ya kura kupigwa.

Mwongozo huu unamhusu afisa wa siasa au wa haki za binadamu katika ubalozi, na pia viongozi wa asasi wanaotaka kujua wamwombe nini afisa huyo, na lini. Msimamo wangu ni kwamba diplomasia ina nguvu kubwa kabla sheria haijatiwa saini na nguvu ndogo sana baada ya hapo. Kwa hiyo kazi nyingi ifanyike mapema, ijikite katika vifungu, na iongozwe na watu ambao sheria hiyo itawaangukia.

Hatua ya kwanza: Soma muswada pamoja na wale utakaowabana

Usianze na muhtasari wa magazeti. Tafuta nakala rasmi ya muswada katika lugha yake, kaa na mwanasheria wa nchi hiyo na watu wawili au watatu wanaoendesha asasi, mhasibu akiwa mmoja wao, kisha msome kifungu kwa kifungu. Mhasibu ndiye atakayeona madhara ambayo mwanadiplomasia hawezi kuyaona.

Mfano mzuri ni Tangazo Namba 621 la Ethiopia la mwaka 2009. Watu wengi walitazama kifungu kilichosema kwamba asasi inayopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje isijihusishe na haki za binadamu, utawala bora, usawa wa kijinsia wala utatuzi wa migogoro. Kifungu hicho kilikuwa kizito kweli. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka pia kwamba gharama za utawala zisizidi asilimia 30 ya matumizi, na mwongozo wa utekelezaji uliofuata ukahesabu mafunzo, usafiri, posho na ufuatiliaji wa miradi kuwa gharama za utawala. Kwa asasi ambayo kazi yake yote ni kufundisha wasaidizi wa kisheria vijijini, nauli na posho ya mkufunzi ndiyo kazi yenyewe. Asasi ambazo hazikuguswa na kifungu cha asilimia 10 zilijikuta zikikabwa na hesabu hiyo.

Mnaposoma, tafuteni mambo manne. Kwanza ni tafsiri ya maneno: nini maana ya "shughuli za kisiasa" au "maslahi ya nchi ya kigeni", na je, tafsiri hiyo inaweza kumnasa mtu anayechapisha ripoti kuhusu maji machafu? Pili ni kiwango cha fedha za nje: Georgia waliweka asilimia 20 ya mapato ya mwaka, Hungary mwaka 2017 waliweka forinti milioni 7.2, na Kenya mwaka 2013 palipendekezwa ukomo wa asilimia 15. Tatu ni mamlaka ya msajili: anaweza kuingia ofisini, kudai majina ya watu waliohudumiwa au kufuta usajili bila amri ya mahakama? Nne ni adhabu, na hapa angalieni kama inamwangukia mtu binafsi au asasi, na kama ni faini au kifungo. Tokeni na ukurasa mmoja tu unaotaja vifungu kwa namba. Ukurasa huo ndio utakaotumika katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya pili: Pata ratiba ya kweli ya Bunge

Georgia inaonyesha jinsi siku zinavyohesabika. Muswada wa kwanza ulipita katika kusomwa mara ya kwanza tarehe 7 Machi 2023. Watu walimiminika mitaani Tbilisi, mji mkuu, wanadiplomasia wa Ulaya na Marekani wakazungumza kwa sauti moja, na tarehe 10 Machi Bunge lenyewe likaukataa. Aprili 2024 chama tawala cha Georgian Dream kikaurudisha kikiwa kimebadilisha jina: badala ya "wakala wa ushawishi wa kigeni" ikawa "shirika linaloendeleza maslahi ya dola ya kigeni". Safari hii ulipita mara ya kwanza tarehe 17 Aprili, mara ya pili tarehe 1 Mei na mara ya tatu tarehe 14 Mei. Rais Salome Zourabichvili aliutilia kura ya turufu tarehe 18 Mei. Maoni ya dharura ya Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa kisheria cha Baraza la Ulaya, yalitoka tarehe 21 Mei yakipendekeza sheria ifutwe. Bunge likaivunja turufu tarehe 28 Mei, na tarehe 3 Juni Spika akatia saini.

Kati ya kusomwa mara ya kwanza na saini kulikuwa na wiki zipatazo saba, na maoni ya Tume ya Venice, ambayo ndiyo hoja ya kisheria yenye uzito kuliko zote, yalifika wakati Bunge limekwisha kupiga kura mara tatu. Kwa hiyo, siku muswada unapochapishwa, uliza maswali haya: unapelekwa kamati gani, je, kutakuwa na siku ya kupokea maoni ya wadau, rais ana siku ngapi za kutia saini au kurudisha, na nani mwingine anaweza kuomba maoni ya chombo cha kimataifa. Uliza pia kama unakuja kwa hati ya dharura. Huko Tanzania, Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3 wa mwaka 2019, uliogusa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali na ile ya makampuni miongoni mwa nyingine, ulipita Bungeni tarehe 27 Juni 2019, siku chache tu baada ya kuwasilishwa kwa hati ya dharura. Ubalozi unaosubiri maelekezo ya wizara yake kwa wiki mbili katika hali kama hiyo hauna cha kufanya tena.

Ndiyo maana inafaa kuomba ruhusa ya jumla mapema. Iandikie wizara yako kabla hakujawa na muswada wowote, ukubaliwe kwamba pindi sheria ya namna hii itakapochapishwa, ubalozi unaweza kuonana na kamati ya Bunge na wizara husika bila kuomba kibali upya.

Hatua ya tatu: Jenga msingi wa kisheria, ujiandae kwa hoja tatu

Anza na ahadi ambazo nchi yenyewe imeweka saini. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inalinda uhuru wa kujiunga na wengine, na inaruhusu mipaka pale tu inapowekwa na sheria na kuwa ya lazima katika jamii ya kidemokrasia. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu, katika ibara ya 13, linataja haki ya kuomba na kupokea rasilimali. Afrika tuna Ibara ya 10 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, pamoja na miongozo ya Tume ya Afrika ya mwaka 2017 kuhusu uhuru wa kujumuika na kukusanyika. Kwa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ongeza Ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya, ambazo Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha imekwisha kuzitumia dhidi ya sheria za habari za Burundi na Tanzania.

Baada ya hapo utakutana na hoja tatu, na ni aibu kukutwa huna jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba unaingilia mambo ya ndani. Ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia inawataka wanadiplomasia wasiingilie mambo ya ndani ya nchi mwenyeji, na jambo hili lisipuuzwe. Jibu lake ni kwamba nchi mbili zilizosaini mkataba mmoja zina haki ya kuulizana kuhusu utekelezaji wake, na kwamba muswada unaogusa fedha za walipa kodi wa nchi yako ni jambo linalokuhusu moja kwa moja. Kinachovuka mpaka ni kuwaambia wabunge wampigie nani kura au kufadhili upande wa kisiasa, na hayo usiyafanye hata kidogo.

Hoja ya pili ni Marekani. Kila mara utaambiwa kwamba Marekani nayo ina sheria ya mawakala wa kigeni tangu mwaka 1938. Ni kweli inayo, na maneno yake ni mapana kiasi cha kuleta malalamiko huko huko. Lakini msingi wake ni mtu kufanya kazi kwa niaba ya serikali, chama au mtu wa nje, kwa agizo, ombi au uelekezi wake. Kupokea ruzuku peke yake hakumfanyi mtu awe wakala. Sheria ya Georgia ya mwaka 2024 haikuuliza swali la uelekezi kabisa: ilipima asilimia ya fedha, ikamaliza.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo ni ugaidi na fedha haramu. Serikali husema kwamba kikosi kazi cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, FATF, kupitia Pendekezo lake la 8, kinawalazimisha kubana asasi. Afisa mwingi wa ubalozi hunyamaza hapa kwa sababu nchi yake yenyewe ni mwanachama wa kikosi hicho. Asinyamaze. Pendekezo la 8 lilirekebishwa mwaka 2016 na tena Novemba 2023, na sasa linataka hatua zilizolengwa, zenye uwiano, zinazotokana na tathmini ya hatari, tena kwa asasi zile tu ambazo tathmini imeonyesha kuwa hatarini. Linasema pia shughuli halali za asasi zisivurugwe isivyostahili. Muswada unaobana asasi zote kwa mkupuo mmoja unakwenda kinyume na pendekezo lile lile unalodai kulitekeleza. Omba uonyeshwe tathmini ya hatari. Kama haipo, hilo ni swali la kuuliza katika mikutano ya chombo cha kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika cha kupambana na fedha haramu, ESAAMLG, ambacho makao yake yako Dar es Salaam, na hazina za serikali huziheshimu tathmini zake kuliko zinavyoheshimu matamko yetu.

Hatua ya nne: Zungumza faragha kwanza, kwa karatasi

Mkutano wa kwanza uwe na watu wanaoandika muswada: mkurugenzi wa sheria wizarani, mwenyekiti wa kamati, mshauri wa waziri. Nenda na ule ukurasa mmoja. Usiseme "tuna wasiwasi kuhusu nafasi ya kiraia", kwa sababu hakuna mwandishi wa sheria anayeweza kurekebisha kifungu kwa sentensi hiyo. Maneno yawe ya namna hii:

"Serikali yetu inatambua kwamba Bunge lenu lina mamlaka ya kutunga sheria za uwazi wa fedha. Kifungu cha 4 kinahesabu ruzuku yoyote ya nje kuwa ushahidi wa kutumikia maslahi ya kigeni. Kwa tafsiri hiyo, zahanati ya kanisa inayopokea dawa kutoka kwetu italazimika kujiandikisha. Tunapendekeza kifungu kidai ushahidi wa uelekezi, na kwamba kifungu cha 11 kimtake msajili apate amri ya mahakama kabla ya kuchukua nyaraka. Tungependa kujua kama kamati itapokea maoni ya maandishi, na mwisho ni lini."

Karatasi ibaki kwao, na wewe uandike nani alipokea na alijibu nini. Baada ya hapo panda ngazi: balozi kwa waziri, waziri wako kwa waziri wao. Kama kuna ziara ya kiongozi au mkutano wa biashara karibuni, hakikisha jambo hili limo katika ajenda ya kiongozi mwenyewe, maana likiachwa kwa wasaidizi huwa la kwanza kukatwa muda unapobana.

Tumia pia mlango wa Umoja wa Mataifa. Kuna mtaalamu maalumu wa haki ya kukusanyika na kujumuika, nafasi iliyoanzishwa mwaka 2010 na ambayo mshikaji wake wa kwanza alikuwa Mkenya, Maina Kiai. Ofisi hiyo inaweza kuiandikia serikali barua ya kuchambua muswada. Asasi ndizo zinazopaswa kupeleka taarifa. Kazi ya ubalozi ni kusaidia tafsiri na kuinukuu barua hiyo ikishatoka. Kuna pia utaratibu wa UPR, yaani mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambamo kila nchi hukaguliwa na wenzake takriban kila miaka minne na nusu. Nchi yako iwe na pendekezo linalotaja sheria kwa jina na kifungu kwa namba.

Hatua ya tano: Kauli ya hadharani, na nani aitoe

Kauli ya hadharani ina bei yake, na wanaoilipa si balozi. Kabla ya kutoa tamko waulize wenyeji, mmoja mmoja na faraghani, mambo mawili: je, tamko litawasaidia, na je, majina yao yatajwe au yasitajwe? Wakisema hapana, hiyo ndiyo sera yako. Majibu yao yanaweza kutofautiana, kwa kuwa asasi ya mji mkuu yenye wanasheria wake haiko katika hatari sawa na kikundi cha wilayani ambacho mkuu wa polisi anamjua kila mjumbe wake.

Tarehe 15 Mei 2024, siku moja baada ya kura ya tatu, mawaziri wa mambo ya nje wa Estonia, Lithuania na Iceland walionekana katikati ya waandamanaji Tbilisi. Naiheshimu nia yao, na waandamanaji wengi waliwashangilia. Hata hivyo serikali ilikuwa ikiwaambia wananchi kwa wiki nyingi kwamba maandamano yanaendeshwa kutoka nje, na picha ile ikaingia moja kwa moja katika masimulizi hayo. Mimi ningependelea mawaziri hao wangefika Aprili, wakakaa na kamati ya Bunge, halafu wakaonana na asasi ofisini mwao.

Tamko la pamoja la balozi nyingi lina uzito zaidi likiwa na nchi ambazo hazikutarajiwa. Tamko la Marekani na Ulaya peke yake hujibika kwa neno "ubeberu". Likiwa na nchi ya Afrika, au likitoka kwa Tume ya Afrika, neno hilo halishiki. Mwaka 2013 Kenya, pendekezo la ukomo wa asilimia 15 lilikataliwa na Bunge mwezi Desemba baada ya asasi za Kenya zenyewe kuwaeleza wabunge ni huduma ngapi za afya na maji katika majimbo yao zingekatika. Wanadiplomasia walifanya vizuri kuwaachia wenyeji jukwaa.

Hatua ya sita: Fedha, viza na vikwazo

Hapa uamuzi ni wa makao makuu, lakini ushauri wa ubalozi ndio unaosomwa. Pima kila hatua kwa swali moja: nani ataumia?

Agosti 2017 Marekani iliinyima Misri dola milioni 95.7 na kuchelewesha nyingine milioni 195, sheria ya asasi ya mwaka huo, Namba 70, ikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2018 zile milioni 195 ziliachiliwa. Mwaka 2019 Misri ilitunga sheria mpya, Namba 149, iliyoondoa vifungo lakini ikaacha udhibiti mkubwa wa fedha za nje. Shinikizo lililegezwa mapema, na matokeo yakawa nusu. Kwa nchi ya Georgia, Marekani ilitangaza masharti ya viza Mei 2024 na kusimamisha msaada wa zaidi ya dola milioni 95 mwishoni mwa Julai. Umoja wa Ulaya ukazuia euro milioni 30 za msaada wa ulinzi, na Januari 2025 ukasimamisha msamaha wa viza kwa wenye pasi za kidiplomasia. Sheria haikuondolewa, Aprili 2025 ikafuata nyingine kali zaidi.

Hungary ilikwenda tofauti kwa sababu ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Tume ya Ulaya ilifungua shauri mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa hukumu tarehe 18 Juni 2020 kwamba sheria inakiuka kanuni za Umoja, na mwaka 2021 Hungary ikaifuta. Nguvu hiyo ya mahakama yenye meno huwezi kuiazima ukiwa ubalozi Bujumbura au Kampala.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu: viza za watu wachache walioandika na kupitisha sheria ziguswe kwanza, msaada wa vyombo vya ulinzi uguswe wa pili, na bajeti ya afya, elimu na chakula isiguswe kabisa. Weka pia sharti linalopimika la kuondolea hatua hiyo, kama vile kufutwa kwa kifungu fulani. Na usitishie kwa fedha ambazo huna tena. Tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, tarehe 1 Julai 2025, maafisa wa nchi nyingi wanajua hesabu hiyo vizuri kuliko wageni wao.

Hatua ya saba: Sheria ikishapita

Kazi haijaisha, ila imebadilika: sasa lengo ni asasi ziendelee kuwa hai. Mambo ya kwanza ni kanuni za utekelezaji, kwa kuwa humo ndimo fomu, ada na muda wa usajili vinapowekwa, na waandishi wake ni watumishi wa wizara ambao bado wanasikiliza. Ziombee asasi muda wa mpito mrefu.

Pili, tafuta mwanya wa kimkataba. Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Ethiopia kwamba fedha za Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya zihesabiwe kuwa za ndani, kwa kuwa serikali ilikuwa mshirika katika mfuko huo. Kwa njia hiyo asasi kadhaa za haki za binadamu ziliendelea kupata riziki chini ya sheria iliyokusudia kuzikata.

Tatu, mahakama. Kesi ya Mahakama ya Afrika Mashariki lazima ifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria kutungwa au kitendo kufanyika, au tangu mlalamikaji kukijua, kwa hiyo fedha za wanasheria zitengwe kabla. Nne, amua mapema nini hamtakubali. Burundi mwaka 2018 mashirika ya kigeni yalitakiwa kuajiri kwa mgawo wa kikabila, asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi. Shirika la Humanity & Inclusion lilikataa kuhesabu watumishi wake kwa kabila, likaondoka. Wafadhili walipaswa kuwa na msimamo mmoja juu ya hilo kabla ya tarehe ya mwisho, ili shirika moja lisibaki peke yake. Tano, viza za dharura na hifadhi ya muda kwa watu walio hatarini, zikiwa zimeshakubaliwa na idara ya uhamiaji ya nchi yako.

Weka faili. Kila asasi iliyofungwa, kila akaunti iliyozuiwa, kila barua ya msajili iandikwe kwa tarehe. Ethiopia ilibaki na sheria ile kwa miaka 10, na shinikizo la nje halikuiondoa. Iliondoka baada ya mabadiliko ya uongozi ya mwaka 2018. Lakini serikali mpya ilipotaka sheria nyingine, wanasheria wa Ethiopia walikuwa na kumbukumbu za muongo mzima za nini hasa kiliumiza, na Tangazo Namba 1113 la mwaka 2019 likaondoa ukomo wa asilimia 10. Gharama za utawala ziliwekewa kikomo cha asilimia 20, hivyo afisa anayefuatilia suala hili Addis Ababa bado anapaswa kuuliza nauli ya mkufunzi inahesabiwa upande gani.